Aliyeumwa na nyoka apelekwe wapi kwanza?

Masomo: Zaburi 91, Luka 10.17-37; Matendo 28.1-10



Mvua imeanza. Majani yamekuwa marefu kando ya njia za mashamba, panya wameingia katika nyumba, na nyoka wanafuata panya. Wavuvi wanashuka ziwani usiku bila viatu, na wamama wanachimba mihogo mahali ambapo macho hayaoni muguu unakanyaga nini. Kama kila mwaka, ulizo lile lile linarudi katika kanisa letu hapa Kilwa: mutu akiumwa na nyoka, apelekwe wapi kwanza, katika chumba cha maombi ao kwa infirmiye wa lopitali? Na yule anayemupeleka kwa infirmiye, je, amekosa imani?

Tunajua kwamba kuna ndugu ambao kwao ulizo hili lilikwisha zamani. Kwetu sisi wazee tunaoandika hapa halikukwisha. Tulilijibu vibaya siku moja, na jibu letu linatembea kwa fimbo hata leo.

Ilikuwa wakati wa mvua kama sasa, miaka kadhaa iliyopita. Saa ya mangaribi mama mumoja wa kanisa letu alileta mutoto wake wa miaka minane mugongoni. Walikuwa wanatoka shambani, mutoto mbele, mama nyuma na muzigo wa mihogo. Mutoto alikanyaga nyoka munene na mufupi, wa namna ile anayelala katikati ya njia kama kipande cha muti na hakimbii hata akisikia miguu ya watu. Katika vitabu vya Kiswahili wanamwita kifutu. Muguu ulikuwa umeanza kuvimba. Mumoja wetu alikata mupira wa ndani wa gurudumu la kinga, akaufunga chini ya goti, akaukaza kwa nguvu zote ili sumu isipande. Halafu tukamulaza mutoto mbele ya mazabahu, tukaimba, tukaomba kwa zamu usiku wote. Mama yake aliuliza mara mbili kama isingekuwa vizuri kwenda lopitali. Tulimujibu kwamba mashaka yanafunga mulango wa muujiza. Hayo yalikuwa maneno yetu. Hatuwezi kuyaweka katika kinywa cha mutu mwingine.

Asubuhi muguu chini ya ule mupira ulikuwa baridi na mweusi, na damu ilikuwa inatoka katika ufizi wa mutoto. Hapo ndipo tulimubeba. Infirmiye hakutugombeza. Labda tungepata nafuu kama angetugombeza. Alitayarisha dawa zake kwanza, halafu akafungua mupira polepole, akachukua biki, akapiga alama kwenye ngozi mahali uvimbe ulipofika, akaandika saa. Mutoto hakufa. Lakini sehemu ya muguu iliyonyimwa damu usiku muzima haikurudi tena, na ilikatwa Lubumbashi.

Kuna jambo lingine ambalo ni gumu zaidi kuliandika. Mutoto aliporudi, tulimusimamisha mbele ya kanisa na fimbo yake, tukatoa ushuhuda kwamba Mungu ameshinda nyoka. Kanisa likashangilia. Ni kweli kwamba aliokoka na ni kweli kwamba tunamushukuru Mungu. Lakini hatukusema neno juu ya ule usiku, wala juu ya mupira wa kinga, wala juu ya infirmiye. Wamama wote walipiga vigelegele siku ile. Mama yake hakupiga.

Basi kosa letu lilikuwa wapi? Tusikilizane vizuri hapa, kwa maana shetani anafurahi kama mutu anatoka katika kosa moja ili aingie katika lingine. Kosa halikuwa kuomba. Mukristo asiyeomba wakati mutoto wake ameumwa na nyoka, huyo tutamwita nini? Kosa lilikuwa kumushika mutoto. Tulifanya maombi yetu kuwa mulango uliofungwa, na tukauita mulango huo imani.

Ndugu wanaokataa infirmiye wanashika Luka mulango wa 10, mustari wa 19, mahali Bwana anapowapa wanafunzi wake uwezo wa kukanyaga nyoka na nge. Neno hilo ni la kweli na hatuondoi hata herufi moja. Lakini tuendelee kusoma. Mistari 15 mbele, katika mulango ule ule, Musamaria anamukuta mutu aliyelala njiani na vidonda. Anamwangia mafuta na divai, anamufunga vidonda, anamupandisha juu ya punda wake, anamupeleka mahali pa kutunzwa, halafu analipa. Tena, kuhani alikuwa amepita njia ile ile mbele yake, na kuhani alijua kuomba kuliko Musamaria. Ahadi juu ya nyoka na kazi ya kufunga vidonda ziko katika mulango mumoja, na zimeandikwa na mutu mumoja, Luka, ambaye Paulo anamwita muganga katika Wakolosai 4.14.

Tuangalie tena Zaburi 91. Shetani alipomusimamisha Yesu juu ya hekalu na kumuambia aruke, alisoma kutoka Zaburi hiyo, mistari ya 11 na 12. Mustari unaofuata, wa 13, ndio ule wa kukanyaga simba na nyoka. Ni kusema, ahadi yetu juu ya nyoka inakaa nyumba kwa nyumba na ile ambayo shetani alitumia. Yesu hakukana Zaburi. Alijibu kwa Kumbukumbu la Torati 6.16, kwamba Mungu hajaribiwi. Kumbe ahadi moja inaweza kushikwa na mutu anayetembea katika kazi yake, na inaweza kushikwa pia na mutu aliyepanda juu ya paa ili watu wamuangalie. Usiku ule sisi tulikuwa juu ya paa.

Katika Marekani, milimani mwa Tennessee na Kentucky, kuna makanisa machache yanayoshika nyoka wenye sumu kwa mikono wakati wa ibada, kwa sababu ya Marko 16.18. Muhubiri aliyeeneza sana desturi hiyo, George Went Hensley, aliumwa katika ibada kule Florida mwezi wa Julai 1955, akakataa dawa, akafa. Muchungaji Jamie Coots wa Middlesboro, Kentucky, alikufa vivyo hivyo mwezi wa Februari 2014. Hatutawacheka. Walikuwa watu wazima, walishika nyoka kwa mikono yao wenyewe, na deni lilipokuja walililipa kwa mwili wao wenyewe. Kuna heshima fulani katika jambo hilo, hata kama tunaona kwamba walikosea.

Lakini sisi, usiku ule tulilipa na nini? Asubuhi tulirudi nyumbani kwa miguu yetu miwili, tukanywa chai. Imani ilikuwa yetu, muguu ulikuwa wa mutoto. Hapo ndipo tunaona jambo lote. Mutu muzima mwenye akili zake, akisema mwenyewe kwamba anamungojea Mungu peke yake, tutamusihi, tutalia naye, lakini mwili ni wake. Mutoto hakusema hivyo. Mutu aliyezimia hakusema hivyo. Mama ambaye wazee wamemufunga kinywa kwa maneno ya kutisha, naye hakusema hivyo. Hakuna mutu aliyetupa ruhusa ya kununua ushuhuda wetu kwa mwili wa mutu mwingine.

Tunasikia mumoja anauliza: na Abrahamu? Hakumutoa Isaka? Ndugu, Abrahamu alisikia sauti iliyomwita kwa jina, na sauti ilipotoka tena kumuzuiza, kisu kilisimama. Sisi usiku ule hatukusikia sauti. Tuliulizana wenyewe baadaye, mumoja mumoja, na hakuna aliyeweza kusema kwamba Roho alimukataza kwenda lopitali. Tuliogopa tu kuonekana wazembe wa imani mbele ya wengine.

Na kama nabii akisema, «musimupeleke»? Katika kanisa kama letu ulizo hilo haliwezi kurukwa. Tunaheshimu unabii, na ndiyo sababu tunaangalia namna manabii wenyewe walivyofanya. Mfalme Hezekia alipokuwa karibu kufa, nabii Isaya alimuletea neno la Bwana kwamba ataongezewa miaka 15. Neno lilikuwa limetoka. Mutu angefikiri kwamba basi, imekwisha. Lakini katika 2 Wafalme 20.7 nabii yule yule anaagiza watu walete tini na kuziweka juu ya jipu la mfalme. Isaya hakuona kwamba tini zinapunguza utukufu wa unabii wake. Nabii anayesikia kweli atasema «aponywe», na atanyoosha kidole kwenye njia ya lopitali.

Sasa tuseme juu ya ushuhuda, kwa maana nusu ya matata inatoka huko. Kila mumoja wetu anajua mutu aliyeumwa na nyoka, akaombewa, akaamuka muzima. Sisi pia tunawajua. Lakini Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba kila mwaka watu karibu milioni 5 na 400 000 wanaumwa na nyoka duniani, na kati yao wanaoingiwa na sumu ni karibu nusu. Nyoka anaweza kuuma bila kutoa sumu, na wengi wanaouma hawana sumu. Mutu kama huyo atapona akiombewa, atapona akipewa majani ya mufumu, atapona akipewa chai. Tumushukuru Mungu kwa ajili yake, maana pia nyoka kufunga sumu yake ni rehema. Lakini tusichukue shukrani yake tukaifanya kuwa sheria kwa yule mwingine ambaye sumu imekwisha kuingia. Mufumu naye anahesabu watu hao hao kuwa wake, na jiwe jeusi vivyo hivyo. Jiwe lile ni mufupa uliochomwa, halinyonyi sumu. Watu wanalitumaini kama Waisraeli walivyotumaini nyoka wa shaba, hata Hezekia akamuvunja.

Ndugu wengi wanakataa infirmiye kwa sababu hawajui anafanya nini. Wanafikiri ni sindano moja tu. Tulikaa na mainfirmiye, tukawauliza, na tunaandika hapa tuliyoelewa.

Kwanza anamulaza mugonjwa na kumuambia atulie, kwa sababu mwili unaokimbia unasukuma sumu. Anatoa pete na bangili mbele ya uvimbe kuja. Anafunga ubao kando ya muguu ili usitikisike, kama mutu anayefunga mufupa uliovunjika. Hakati kidonda kwa wembe, hanyonyi kwa kinywa, hafungi kamba ya kukaza. Halafu anachukua damu kidogo, anaiweka katika chupa safi ya kioo iliyo kavu, anaiacha dakika 20 bila kuigusa. Anainamisha chupa. Damu ikiwa imegandamana, vizuri. Ikiwa ingali inatiririka kama maji, anajua kwamba sumu ya nyoka imeharibu damu ndani ya mwili wote. Dakika 20 kuangalia chupa ndogo: na huo pia ni mukesha.

Kama serumu ya kupinga sumu iko, anaitoa polepole katika mushipa. Hatusemi ile serumu ya maji inayotundikwa kila siku. Hii ni dawa nyingine. Adrenalini inakaa tayari kando yake, kwa maana serumu yenyewe inaweza kumushitua mugonjwa. Na tuliuliza: mutoto mudogo anapewa kiasi gani? Tulijibiwa kwamba anapewa sawasawa na mutu mukubwa. Dawa zingine nyingi zinapimwa kwa uzito wa mwili, lakini hii hapana, kwa sababu nyoka hakupima. Alimupa mutoto sumu ile ile ambayo angempa baba yake.

Serumu hiyo inatoka katika damu ya farasi. Njia yake ilipatikana katika miaka ya 1890, na Mufaransa Albert Calmette ni mumoja wa walioianzisha. Farasi anachomwa sumu kidogo sana, halafu kidogo zaidi, hata mwili wake unajifunza kuipiga vita. Kisha wanatoa sehemu ya damu yake, wanaisafisha, na farasi anaendelea kuishi. Tunaacha kila musomaji awaze mwenyewe juu ya nyama anayebeba sumu ili mutu aponywe kwa damu yake. Sisi hatukuweza kuona namna gani dawa kama hiyo inamuchukiza Mungu wetu.

Nyoka mwingine, koboko, na ndugu zake wa jamii ya fira, wengi wao hawaharibu damu. Sumu yao inafunga mishipa ya nguvu. Kope za macho zinaanguka, mugonjwa anashindwa kumeza, kinywa hakisemi, mwisho kifua kinaacha kupanda. Infirmiye anamulaza kwa upande ili mate yasimuzibe, na kifua kikisimama anamupulizia pumzi kwa balo ya mupira, saa kwa saa, wakipokezana na wenzake, hata sumu ipoe. Na tusikie hili: mutu huyu aliyelala kama maiti mara nyingi anasikia. Hawezi kufungua jicho, lakini anasikia yote yanayosemwa juu ya kitanda chake.

Anasikia nini? Hapo tunaingia katika kosa ambalo si la wazee peke yao. Mutu akiumwa na nyoka, mbele ya kuuliza anaumwa wapi, tunauliza nani amemutuma nyoka. Tunahesabu majirani. Tunakumbuka ugomvi wa samaki, ugomvi wa shamba, jina la bibi fulani muzee aliyebaki peke yake. Wengine wanageuza upande: labda yeye mwenyewe ana zambi iliyofichwa. Yote hayo juu ya kichwa cha mugonjwa anayesikia.

Watu wa kisiwa cha Malta walifanya vivyo hivyo. Katika Matendo 28 nyoka alimushika Paulo mukononi, nao wakasema upesi kwamba bila shaka ni muuaji. Walipoona havimbi wala hafi, wakageuka wakasema ni mungu. Walimuhukumu mara mbili katika saa moja, na mara zote mbili walikosa. Paulo hakuwa muuaji aliyekimbia hukumu, wala hakuwa mungu. Alikuwa mutu aliyeokota kuni kwa ajili ya moto wa watu waliotoka katika maji, na katika kuni mulikuwa nyoka aliyekimbia joto. Katika mashamba yetu ya Kilwa mambo yanakwenda namna hiyo mara nyingi kuliko tunavyotaka kukubali: nyoka alifuata panya, panya alifuata mahindi, na mutoto alipita. Hatusemi kwamba ulozi hauko. Tunasema kwamba saa ile si saa ya kuuliza, na kwamba bibi muzee aliyefukuzwa katika muji kwa sababu ya jino la nyoka, damu yake itaulizwa kwetu.

Tunashangaa pia juu ya jambo lingine. Nyoka akiuma, kanisa lote linaamuka. Mbwa akiuma, tunaweka majani juu ya kidonda na tunasahau, kwa sababu mbwa haonekani kuwa jambo la kiroho. Lakini kichaa cha mbwa kinaua hakika kuliko nyoka yeyote. OMS inahesabu watu karibu 59 000 wanaokufa kwacho kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na siku mugonjwa anapoanza kuogopa maji, karibu hakuna anayerudi. Saa ya wokovu ni ile saa ya kwanza, na chombo chake ni maji na kipande cha sabuni: kidonda kinasafishwa dakika 15 nzima, si kunyunyizia tu, halafu mutu anapelekwa kwa chanjo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano. Chanjo hiyo Louis Pasteur aliitoa mara ya kwanza kule Paris mwaka 1885 kwa mutoto wa miaka 9, Joseph Meister, naye akaishi. Juu ya nyuki neno moja linatosha: miiba itolewe upesi, kwa kucha ao kwa kitu chochote, na mutu ambaye anavimba kinywa ao anakosa pumzi asingojee hata wimbo moja.

Kuna ndugu aliyetuambia maneno yenye nguvu: «Munatutuma lopitali, na huko serumu haiko. Basi heri afe katika mikono ya kanisa.» Hatutamudanganya. Serumu ni ya bei kali, zingine lazima zikae katika frigo, na iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haisaidii kwa nyoka wetu. Ile iliyojulikana sana katika Afrika, Fav-Afrique, ilipinga sumu ya nyoka wa aina 10. Kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kuitengeneza mwaka 2014, na chupa za mwisho zilipita muda wake mwaka 2016. Watu wanaoumwa na nyoka ni walimaji na wachungaji wa mbuzi, na mutu masikini hafanyi soko zuri. Mwaka 2017 OMS iliandika sumu ya nyoka katika hesabu ya magonjwa yaliyosahauliwa. Sisi tulijua kwamba tumesahauliwa mbele ya kuandikwa. Lakini hata pasipo serumu, ubao, chupa ya damu, kulazwa kwa upande, ile balo ya pumzi, chanjo ya tetanosi, kidonda kuoshwa na kuangaliwa kila siku, hivyo vyote viko, na vimeokoa watu. Na kuna uchungu katika maneno ya ndugu yule ambao unatakiwa kuwaendea wakubwa wa serikali. Usimalizike juu ya mutoto.

Tusifikiri kwamba kumupeleka mugonjwa ni kuiga kanisa za Wazungu. Simon Kimbangu alianza kuponyesha wagonjwa kwa jina la Yesu kule Nkamba mwezi wa Aprili 1921, na watu waliacha vitanda vya lopitali za misheni kumufuata. Wabeleji walimufunga, wakamuleta huku kwetu Élisabethville, leo Lubumbashi, akakaa gerezani miaka 30 hata alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Hakuna anayeweza kusema kwamba kanisa linalobeba jina lake lina haya juu ya uponyaji. Nalo limejenga lopitali, kama ile ya Kimbanseke, Kinshasa. Ndugu zetu Bapostolo wa Johane Maranke, wenye kanzu nyeupe, wamechukua njia nyingine, na kwa desturi wanakataa dawa. Tunakutana nao njiani na kusalimiana, na wamevumilia mengi kwa ajili ya jambo wanaloamini. Kwa watu wazima wao tunanyamaza. Kwa watoto wao tungependa kuzungumuza nao, muzee kwa muzee, kwa sababu sisi tumekwisha kuona.

Sasa Musamaria, mustari wa 35. Aliacha dinari mbili, akasema atakaporudi ataongeza. Kwa nini Bwana aliweka feza katika mufano ule? Tunafikiri ni kwa sababu mapendo yasiyofika katika mufuko yanaishia njiani. Kutoka hapa hata Lubumbashi ni kilometa karibu 350, barabara ya kupitia Kasomeno ni matope wakati wa mvua, na mama mwenye mutoto mugongoni hana petroli. Katika Nepal, inchi ya Asia, kusini-mashariki, vijiji vilipanga vijana wenye moto: mutu akiumwa na nyoka anapandishwa katikati, dereva mbele, mwingine nyuma akimushika, na wanakwenda moja kwa moja kwa matunzo. Zamani, kwa watu 100 walioumwa, karibu 10 walikufa. Baada ya kazi ile, pamoja na mafundisho waliyotoa vijijini, hawakufika hata 1 kwa 100.

Kwa hiyo wazee tumekubaliana hivi. Sadaka ya siku ya Mungu ya kwanza ya kila mwezi, wakati wote wa mvua, itakuwa ya petroli. Ndugu wawili wenye moto wamesema ndiyo. Majina yao yatatangazwa kanisani. Mugonjwa akiletwa katika chumba cha maombi, hata usiku, atawekewa mikono na ataombewa wakati tunamufunga ubao, na maombi yataendelea njiani na kwenye kitanda cha lopitali. Mama wa maombi wawili watakwenda pamoja naye ili asisikie maneno mabaya. Asiye na moto karibu, abebwe kwa kipoyi, asitembee.

Ubao ni tatu, mumoja mufupi kwa watoto. Seremala wa kanisa alizisugua vizuri na hakutaka malipo. Ziko pamoja na vitambaa safi na sabuni nyuma ya mulango wa chumba cha maombi, upande wa kushoto. Mulango huo haufungwi tena na ufunguo.